Shajara ya kurudisha akaunti ya kikundi chetu cha vikapu, Iringa, Machi na Aprili 2025

Jumatatu, 3 Machi 2025

Ninafungua shajara hii kwa agizo la mwenyekiti wetu, ambaye ametaka yote yaliyotokea tangu jana usiku yaandikwe kwa mpangilio yakiwa bado mabichi, kwa sababu wanakikundi wote 23 wana haki ya kujua ni nini kimeipata mali yao. Mimi ni katibu wa kikundi cha wasukaji wa vikapu vya majani ya milulu katika kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Iringa, na tangu mwaka 2019 ndiye niliyekuwa nikiendesha ukurasa wetu katika mtandao wa kijamii. Hadi jana ukurasa huo ulikuwa na wafuasi 11,400, na kwa hesabu ya daftari letu ulituletea zaidi ya nusu ya oda za mwaka uliopita.

Jana, Jumapili, saa tatu usiku, nilipokea ujumbe uliobeba nembo ya mtandao huo, ukidai kwamba picha yetu mojawapo imekiuka hakimiliki na kwamba ukurasa utafutwa ndani ya saa 24 nisipokata rufaa kupitia kiungo kilichoambatishwa. Nilikifungua kiungo, nikaandika nywila, kisha nikaandika zile namba sita zilizoletwa kwenye simu yangu kwa ujumbe mfupi. Leo alfajiri mteja wetu wa Dodoma amempigia mwenyekiti kuuliza kama ni kweli kikundi kimeanza kuuza hisa, ambapo mtu hutuma shilingi 100,000 na kurudishiwa 300,000 baada ya siku tatu. Nilipojaribu kuingia, nywila ilikataliwa, na nilipoomba nywila mpya nilielezwa kwamba itatumwa kwenye anwani ya barua pepe nisiyoijua.

Nimelieleza hili mbele ya wanakikundi bila kuficha kwamba mkono ulioandika zile namba ni wangu. Wenye simu janja, ambao ni tisa, wameweka tangazo kwenye stetasi zao, na mwenyekiti amekaa mchana kutwa akiwapigia wateja wakubwa mmoja mmoja, akianza kwa "kamwene", salamu ya Kihehe, kama kawaida yake, jambo ambalo naamini limesaidia kuliko tangazo lolote, kwa kuwa sauti yake wanaijua.

Jumanne, 4 Machi

Usiku kucha nilikuwa nikijiuliza jinsi wezi walivyopita wakati akaunti ilikuwa na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila na kisha namba inayoletwa kwenye simu. Sasa nimeelewa. Ukurasa ule wa uongo haukuhifadhi nilichoandika ili kitumike baadaye. Kila nilichoandika kilipelekwa saa hiyohiyo kwenye ukurasa wa kweli, na namba sita nilizoandika zilikuwa bado hai wakati mwizi anazitumia. Namba ya ujumbe mfupi humlinda mtu ambaye nywila yake imevuja. Haimlindi anayeikabidhi namba yenyewe kwa mkono wake.

Jambo la pili limeniumiza zaidi. Tangu jana nilishangaa kwamba sikupata barua pepe hata moja ya kunitahadharisha, ilhali mtandao ule hutuma barua kila anwani au nywila inapobadilishwa. Leo nimeingia kwenye mipangilio ya sanduku la barua pepe la kikundi, mahali ambapo sijawahi kufika kwa miaka sita, nikakuta kichujio ambacho si mimi niliyekiweka. Kiliamuru kwamba kila barua inayotoka kwa mtandao ule ipelekwe moja kwa moja kwenye tupio na iwekewe alama ya kusomwa. Wezi waliingia hata huko, kwa kuwa nywila ya barua pepe na ya mtandao ilikuwa moja.

Kwa hiyo kazi ya akaunti imesimama kwa siku nzima, kwa sababu hakuna faida ya kurudisha kitu ambacho funguo zake zitaletwa kwenye sanduku linalosomwa na mwizi. Nimebadilisha nywila ya barua pepe, nimekifuta kichujio, nimeangalia kama kuna anwani nyingine inayopelekewa nakala za barua zetu, nimeitoa namba ya simu ngeni iliyowekwa kwa ajili ya kurejesha akaunti, na nimevifungia nje vifaa vyote isipokuwa simu hii ninayoitumia. Pia nimepiga *106# kuhakikisha kwamba hakuna laini ya simu iliyosajiliwa kwa namba yangu ya kitambulisho cha taifa (NIDA) bila mimi kujua. Haikuwepo.

Jumatano, 5 Machi

Kituo cha polisi, mjini. Tumepewa RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yetu polisi. Askari aliyetuhudumia alitaka picha za skrini zilizochapishwa, namba ya simu ambayo wezi wanawataka wateja waitumie fedha, na jina lililosajiliwa kwenye namba hiyo, ambalo mteja wa Dodoma alikuwa nalo kwenye ujumbe wake wa muamala. Kosa lenyewe lipo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 4 kinahusu kuingia katika mfumo wa kompyuta isivyo halali, na cha 15 kujifanya mtu mwingine. Namba ya tapeli tumeituma pia kwenda 15040, ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, imeiweka kwa kazi hiyo. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi imeandikwa kwenye daftari la mweka hazina.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimelipekua tupio la barua pepe. Katika huduma tunayotumia vitu hukaa humo siku 30 kabla ya kufutwa, na wezi hawakukumbuka kulisafisha. Nimezikuta barua zote nne. Ya kwanza inasema mtu ameingia kwa kifaa kipya Jumapili usiku. Ya pili, ya usiku wa manane, inasema anwani ya barua pepe imebadilishwa, na chini yake kuna kiungo cha mtu kubonyeza endapo si yeye aliyeibadilisha.

Nilikaa na kiungo kile karibu saa nzima bila kukigusa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimeumwa siku nne tu zilizopita. Nilichofanya ni kuisoma anwani ya mtumaji herufi kwa herufi, kisha kukibonyeza kiungo kwa muda mrefu bila kukifungua ili nione kinaelekea wapi, na kulinganisha jina la tovuti na lile ninaloliandika mwenyewe kwenye kivinjari kila siku. Vilifanana. Kile cha Jumapili, nilipokirudia kwenye picha ya skrini, kilikuwa na jina la mtandao mwanzoni, lakini baada yake kulikuwa na kistari na maneno mengine kabla ya nukta ya mwisho, na jina hilo lote kwa pamoja, si mwanzo wake tu, ndilo linaloonyesha mwenye tovuti ni nani.

Kiungo cha kweli kilifanya kazi. Anwani yetu imerudishwa na nimeweka nywila mpya. Hata hivyo sikufika ndani, kwa sababu mwizi alikwisha kuondoa namba yangu ya simu na kuunganisha programu ya uthibitishaji iliyo kwenye simu yake. Programu ya aina hiyo hutengeneza namba mpya kila baada ya sekunde 30 kutokana na siri iliyohifadhiwa ndani ya simu moja tu, kwa hiyo kila ninapoandika nywila sahihi ninaulizwa namba ambayo iko mfukoni mwa mwizi. Kinga tuliyoambiwa tuiweke ndiyo sasa inayomlinda yeye.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wanawake Duniani. Tulikuwa tumepanga kuweka picha za vikapu vipya leo, kwa kuwa kila mwaka juma hili huleta oda za zawadi. Vikapu 60 vimekaa ghalani.

Jambo la leo ni onyo kwa wanakikundi. Tangu mwanakikundi mmoja alipoandika hadharani kwamba ukurasa wetu umedukuliwa, wamejitokeza watu kumi na mbili wanaodai kwamba nao waliwahi kuibiwa akaunti na zikarudishwa. Wote wanasema kwa maneno yanayokaribiana kwamba wamesaidiwa na fundi fulani, na fundi huyo anataka malipo ya awali. Mpwa wa mwanakikundi mmoja alikuwa tayari ameelekezwa kulipa shilingi 150,000, na alisita tu pale fundi alipomwomba namba sita zitakazoingia kwenye simu ya shangazi yake. Vilevile nimetafuta namba ya simu ya huduma kwa wateja ya mtandao huo, nikazipata tatu katika matokeo ya utafutaji. Kituo cha msaada cha mtandao wenyewe hakitaji namba yoyote ya simu, kwa hiyo hizo tatu ni za wezi wengine. Mtu aliyeibiwa hutafutwa na wezi wapya kwa sababu wanajua ana haraka na ana aibu.

Tumekubaliana kwamba hakuna anayelipa mtu yeyote, na kwamba mawasiliano yote yatapita kwa katibu na mweka hazina.

Jumatano, 12 Machi

Njia rasmi kwa aliyezuiwa na namba za uthibitishaji ni kutuma picha ya kitambulisho. Nimetuma kitambulisho changu cha NIDA mara mbili na mara zote kimekataliwa. Sababu ninaijua, na ni lazima niiandike ili kikundi kingine kisiirudie. Mwaka 2019 sikufungua akaunti kwa jina langu. Niliona kwamba mali ni ya kikundi, hivyo nikaipa jina la "Mama Milulu", na kupitia akaunti hiyo nikaufungua ukurasa. Nilifikiri ninafanya uaminifu. Lakini mtandao huu unatenganisha akaunti, ambayo ni ya mtu mwenye jina na sura, na ukurasa, ambao ndio wa biashara na ambao watu kadhaa wanaweza kuusimamia kila mmoja kwa akaunti yake. Hakuna duniani mwenye kitambulisho cha Mama Milulu.

Jumatatu, 17 Machi

Fomu ya pili ya malalamiko, niliyoijaza Alhamisi, imefungwa kwa maelezo kwamba taarifa zetu hazilingani na kumbukumbu zao. Nimeirudia nakala yake leo na mweka hazina, na yeye ndiye aliyeona kosa. Fomu iliuliza siku na saa tulipopoteza akaunti. Kwenye daftari niliandika saa nane usiku kuamkia tarehe 3, nayo ndiyo iliyokuwa saa ya kubadilishwa anwani. Kwenye fomu nikajaza tarehe 3, saa 8:00. Kwa hesabu ya Kizungu, saa nane yetu ya usiku ni saa 2:00, na kumbukumbu za kampuni hutunzwa kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, hivyo kwao tukio lilikuwa saa 23:00 tarehe 2. Tulikosea saa na tukakosea hata siku. Aliyeisoma fomu ile hakuwa na namna ya kujua kwamba tunahesabu tangu jua linapochomoza, na sisi hatukukumbuka kumwambia.

Kuanzia leo kila tukio katika faili letu limeandikwa mara tatu: saa ya Kiswahili, saa ya simu, na saa ya kimataifa.

Ijumaa, 21 Machi

Siku ya mafanikio makubwa ya kwanza, na imetoka mahali ambapo hatukuwa tumepatafuta. Kati ya mwaka 2022 na 2024 mweka hazina alikuwa akilipia matangazo ya ukurasa kabla ya msimu wa watalii, kwa kadi ya mtandaoni ya simu yake, kupitia akaunti yake mwenyewe ambayo ina jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Wezi walimwondoa kwenye orodha ya wasimamizi, lakini akaunti yake ya matangazo ni mali yake na hawakuweza kuigusa. Leo alipokuwa akizitafuta risiti za zamani ili ziwe ushahidi, aliona kwamba ndani ya akaunti ya matangazo kuna sehemu ya msaada yenye mazungumzo ya moja kwa moja na mhudumu, huduma ambayo mimi, nikiwa na akaunti ya kawaida, sikuwahi kuonyeshwa.

Ninaona ni jambo lisilo la haki kwamba mlango wa kumfikia binadamu unafunguka kwa aliyewahi kununua tangazo tu. Mwanakikundi anayeuza vitumbua kwa picha za simu yake amepoteza kama sisi, na pengine hana kingine cha kutegemea. Hata hivyo mlango ulikuwa wazi na tukaingia.

Mazungumzo yalikuwa kwa Kiingereza na yalichukua dakika 50. Tuliandika kwa ufupi: kilichotokea kwa sentensi mbili, anwani ya ukurasa, majina ya wasimamizi wa awali, saa za kimataifa, na namba za risiti saba za matangazo zikiwa na tarehe na kiasi. Mhudumu hakuuliza lolote kuhusu machungu yetu, na nilipoanza kuyaeleza, mweka hazina alinishika mkono. Kilichombadilisha yule mhudumu ni risiti, kwa kuwa mwizi anaweza kusema kwamba ukurasa ni wake lakini hawezi kutaja malipo ya Juni 2022. Tumepewa namba ya shauri, na tumeombwa kitambulisho cha mweka hazina, cheti cha usajili wa kikundi, na tamko lililosainiwa kwamba yeye ameruhusiwa kutuwakilisha. Mchana huohuo tumekwenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye ametuandikia barua ya kututambua na kuigonga muhuri bila kutuzungusha. Ninamshukuru kwa dhati.

Alhamisi, 27 Machi

Ukurasa umerudi. Barua pepe iliingia saa nne asubuhi tukiwa shambani tunakata milulu, na mweka hazina aliisoma kwa sauti mara mbili. Baadhi ya akina mama walilia.

Hatukutangaza chochote siku ya leo, kwa sababu ukurasa uliorudi si lazima uwe ukurasa safi. Tumekuta kwamba ulikuwa umeunganishwa na akaunti ya biashara ya watu tusiowajua, na kwamba msimamizi mmoja wao alikuwa bado na ruhusa ya kuandika. Tumewaondoa, tumefunga programu mbili ngeni zilizopewa ruhusa, na tumezifuta habari tano za uongo baada ya kuzipiga picha kwa ajili ya faili la polisi. Akaunti ya Mama Milulu yenyewe hatukuirudisha na hatutaihitaji tena.

Jumatano, 2 Aprili

Hesabu ya madhara. Wezi walizungumza na watu 41 kwa jina letu. Sita walituma fedha: watatu walituma 100,000 kila mmoja, mmoja 50,000, na wawili walilipa 31,000 kila mmoja kama malipo ya awali ya vikapu. Jumla ni shilingi 412,000. Katika kikao cha leo wapo waliosema kwamba kikundi hakikupokea fedha hizo na hakidaiwi, na kwa sheria huenda wako sahihi. Mimi nilisema kwamba watu wale waliamini jina ambalo tulilitengeneza sisi kwa miaka sita, na mlango ulifunguliwa na katibu wao. Baada ya mjadala mrefu imeamuliwa kwamba waliolipia vikapu wapewe vikapu vyao, na wale wanne waliodanganywa kwa habari ya hisa wapewe vikapu vya nusu ya thamani waliyopoteza, kutoka ghalani na kwa mchango wa mfuko wa jamii.

Pia tumewaandikia wateja wote 214 ambao mazungumzo yao yalikuwamo kwenye kisanduku, tukiwaeleza kwamba majina yao, namba zao za simu na mahali wanapoishi vimeweza kusomwa na wezi, na kwamba wasishangae wakipigiwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika tarehe 1 Mei 2023 jambo hili lina uzito wa kisheria, lakini hata bila sheria sioni namna ambavyo tungenyamaza.

Mpangilio mpya ni huu. Ukurasa una wasimamizi watatu, kila mmoja kwa akaunti yenye jina lake la kitambulisho, na wawili kati yao wana mamlaka kamili ili mmoja akifungiwa nje mwingine amrudishe. Kila mmoja anatumia programu ya uthibitishaji badala ya ujumbe mfupi, na mweka hazina, ambaye simu yake ni mpya kidogo, ameweka ufunguo wa siri unaofunguka kwa alama ya kidole. Ufunguo huo umefungamana na jina halisi la tovuti na hauwezi kutumika kwenye ukurasa wa kuigiza, hata mwenyewe akidanganyika. Nywila ya barua pepe haifanani na nyingine yoyote. Namba za akiba za kuingilia zimechapishwa kwenye karatasi, zikatiwa kwenye bahasha, na bahasha imewekwa ndani ya sanduku la vikoba lenye kufuli tatu, ambalo funguo zake zinashikwa na akina mama watatu tofauti. Kuitoa bahasha kunahitaji wote watatu wakutane, kama ilivyo kwa fedha.

Jumatatu, 14 Aprili

Siku 12 zimepita bila jaribio lolote la kuingia ambalo hatulitambui. Ninaikagua orodha ya vifaa kila Jumatatu asubuhi na kuweka saini. Watano kati ya wateja sita wameshapokea vikapu vyao. Wa sita, aliyeko Mbeya, hapokei simu, na ninaelewa kwa nini. Mwenyekiti ameamua kumtumia kikapu kwa basi kupitia ndugu yake tunayemfahamu.

Polisi wametujulisha kwamba namba ya simu iliyopokea fedha imefungwa na kwamba jina lililosajiliwa ni la mtu aliyepoteza kitambulisho chake. Upelelezi unaendelea, na tumeombwa kupeleka nakala ya faili letu lenye saa zote tatu. Nitaipeleka Jumatano, siku ya gari la mjini.

Vikapu 60 vya Machi vimebaki 14. Juzi jioni ukurasa ulipokea tena ujumbe wenye nembo, kuhusu hakimiliki, wenye kiungo na saa 24. Mweka hazina aliupiga picha, akauripoti, akaufuta, na akaandika kwenye daftari: saa moja na nusu usiku, 19:30, 16:30.